Ufalme wa Mungu na Sufuria ya Mama Vumilia

Nimeacha kazi ya ukatekista juzijuzi, na vijana wanaobaki wameniomba niandike niliyoyaona. Nadhani waliomba kwa adabu tu, kama mtu anayemwambia mgeni "bakia tule" wakati sufuria zimekwisha kuoshwa. Lakini mimi ni mtu wa kuamini maneno, ndiyo kazi niliyoifanya, basi nimekaa na kuandika. Shule yangu ilikomea mwaka wa pili wa sekondari. Mkikuta kosa, lisahihisheni. Mkikuta mengi, nyamazeni.

Juu ya kupanda cheo sitaandika kitu, kwa sababu katekista hapandi. Juu yake kuna mwinjilisti, juu ya mwinjilisti kuna pasta, juu ya pasta kuna Mungu, na nafasi zote hizo zilikuwa na watu. Juu ya mshahara nako ningewaachia ukurasa mweupe. Nitaandika juu ya swali moja tu, ambalo nimelifundisha tangu nikiwa na nywele mpaka leo: Ufalme wa Mungu ni nini? Katika kitabu chetu cha mafundisho ya ubatizo swali hilo liko katikati, na jibu liko chini yake kwa herufi nene: "Ni utawala wa Mungu ndani ya watu wanaomtii." Nimelisikia likitamkwa na wamama, wachimbaji wa zahabu, askari walioacha bunduki na wengine ambao hawakuwa wameiacha vizuri. Wote walilitamka sawasawa. Kama Ufalme ungekuja kwa kukariri, mji wetu wa Bunia ungekuwa mbinguni zamani.

Walinichagua kwa sababu nilisoma kwa sauti bila kufuatisha kidole, na kwa sababu katekista aliyenitangulia alikwenda kuchimba zahabu akisema atarudi kwa Noeli. Hakusema Noeli gani. Kanisa letu la mtaa wa Mbunya lilikuwa bado la udongo, na aliyenipokea ni Muzee Zakaria, katekista wa zamani aliyetoka upande wa Gety, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alinikabidhi vyombo vya kazi: jante, ile duara ya chuma ya gurudumu la lori, tuliyoigonga kwa chuma badala ya kengele, kitambaa cha picha walichokiacha wamisionari, na sufuria kubwa iliyopinda mdomo.

Kitambaa kile kilikuwa na picha ya Ufalme wa Mungu. Ulikuwa nyumba ya mawe yenye minara, juu ya mlima, na mlima umefunikwa na theluji. Siku yangu ya kwanza nilikitundika ukutani, nikaeleza kama nilivyoelezwa. Mama mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile nyeupe iko nini?"

"Ni theluji, mama. Barafu inayoanguka kutoka juu."

"Na siye kule tutavaa nini?"

Nilimtazama Zakaria. Akajibu bila kucheka, "Mutavaa haki."

"Haki peke yake?" yule mama akauliza, na darasa zima likaanza kuhesabu mablanketi yake moyoni.

Baada ya somo Zakaria alinivuta pembeni. "Ile picha itakuchosha," akasema. "Chunga sufuria. Sufuria haiwezi kuchosha mutu." Nilidhani anapenda kula tu. Niseme kwa haki, alipenda kula pia.

Sufuria ilikuwa ya karamu ya darasa. Juma moja kabla ya ubatizo, Jumamosi, kila mwanafunzi alileta chakula cha kwake: huyu maharagi, yule bugali, mwingine sombe, majani ya muhogo, au samaki wa ziwani. Vyombo vilifunuliwa mbele ya wote. Aliyepika alionja kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mtu wa mbali anaweza kuona huo ni ulafi, mpishi kujitangulia mbele ya mgeni. Maana yake ni hii: nimekula mimi, kama kuna kitu ndani tutakufa wote. Kisha kila mtu alikula vya mwenzake, na ilikuwa mwiko kula chakula chako mwenyewe. Asiyekula na wenzake hakuwa amemaliza masomo, hata kama alijua kitabu chote. "Bwana alilinganisha Ufalme na karamu," Zakaria alikuwa akisema. "Angetaka, angelinganisha na darasa. Basi tule."

Halafu vita ikaja. Sitaieleza. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameandikiwa ripoti nyingi zenye ramani za rangi. Kitambaa cha picha kiliibwa. Natumaini aliyekichukua alikuwa anasikia baridi. Jante ilibaki. Sufuria ilirudishwa na jirani ikiwa na kiraka. Zakaria alikwenda kwao Gety wakati watu walisema kumetulia, akaangalie mihogo yake, na hatukumwona tena. Hapo sina la kuongeza. Nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi nyingine baada ya hiyo, na haikai.

Amani ilipotangazwa, tuliitwa kwenye semina juu ya Ufalme wa Mungu. Mwalimu alikuwa daktari wa tauhidi kutoka mbali, akatuchorea mistari miwili kwenye karatasi kubwa. Ufalme umekwisha kuja, akasema, lakini haujakamilika; sisi tunaishi katikati, kati ya "tayari" na "bado". Aliona haya ni mambo magumu, akatupa muda wa kuyatafakari katika vikundi. Siye wa Bunia tulikuwa tumeyaelewa kabla soda hazijafunguliwa. Lami yetu iko hivyo. Umeme uko hivyo. Na amani ndiyo hivyo kabisa: tayari tumeisikia redioni, lakini giza likianza kuingia unawahi kufunga mlango, na mlio ukisikika upande wa mlimani unajiambia ni fundi anagonga mabati. Nisimwonee daktari: alifundisha vizuri, na maneno yake nimeyatumia mpaka mwisho. Ila mimi nilirudi na mistari miwili, nikawapa watu mistari miwili, nao wakaichora kwa rula.

Karamu ilirudi, lakini kwa namna yake. Miaka ile aliyekufa bila risasi ilisemekana amelishwa kitu. Basi kila mwanafunzi alikuja na kibakuli chake chenye kifuniko, na kijiko chake mfukoni. Tuliketi duara, tukasali, kila mtu akafunua chake na kukizungushia mkono kama mtoto anayeficha jibu lake kwenye mtihani. Kwa maneno mengine, tulikula pamoja, kila mtu peke yake. Wazee wa kanisa waliridhika sana. Sufuria ya Zakaria tuliitia maji ya kunawa mikono. Nami niliona ni sawa, kwa kuwa hakuna aliyelalamika, na kutolalamika ndiyo kipimo cha kanisa letu.

Sasa nifike kwenye darasa ninalotaka mlijue.

Darasa lile lilikuwa na Mama Vumilia. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Aveba na kupanga chumba kimoja huku Mbunya, akauza buyi asubuhi mlangoni kwake, uji mzito wa mahindi na soya ambao watu wanakunywa kabla ya kwenda kazini. Seremala mmoja wa kartie yetu ya Mbunya, Papa Imani, alikunywa buyi hapo asubuhi moja, akaanguka mgonjwa, na baada ya siku chache akafa. Hospitali ilisema ni ini. Kartie ilisema ni buyi. Hospitali iko mbali na kartie iko karibu, kwa hiyo iliaminiwa kartie. Kwa kuwa Mama Vumilia alitoka upande ule wa vita, na seremala alikuwa mtu wa upande huu, ushahidi ulionekana kutosha. Buyi yake haikununuliwa tena. Akaanza kufulia watu nguo, maana sabuni wanaiamini.

Na mjane wa yule seremala, Mama Imani, muuza maharagi aliyezaliwa Butembo, alikuwa katika darasa hilohilo. Yeye alikaa benchi la mbele, Mama Vumilia karibu na mlango. Hakumsalimu, hakumtukana. Juu ya buyi hakusema neno lolote, na watu wakalijaza lile jambo asilolisema kwa maneno yao wenyewe, ambayo yalikuwa mengi.

Alikuwepo pia Bosco, kijana wa kuendesha moto, pikipiki za abiria, aliyekuja ubatizoni kwa sababu baba wa mchumba wake alitaka hivyo. Siku ya swali la Ufalme alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu Mufalme, bariere yake iko wapi?"

"Hana bariere, Bosco, hafungi barabara."

"Basi mutu atajua namna gani kama amefika kwake? Miye nikitoka hapa mpaka Gety, kila kamba barabarani iko na mufalme wake. Ukiona kamba, umejua nani anatawala."

Watu walicheka, lakini si sana, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilitafuta jibu katika kitabu. Nikamwambia tutaona somo lijalo. Somo lijalo lilikuwa juu ya zaka.

Majuma machache kabla ya ubatizo, Muzee Festo, mkuu wa wazee wa kanisa, alinikuta nikifagia.

"Mwalimu, yule mama wa Aveba. Tumeona angoje mwaka kesho."

"Amekosa nini, Muzee?"

"Nani amesema amekosa? Iko kwa ajili ya amani."

Vijana, mtayasikia sana maneno hayo. Katika miaka yangu, kwa ajili ya amani tulihamisha kwaya moja, tulifuta ndoa iliyokuwa tayari na mbuzi wa mahari, na tulimwomba maiti azikwe kwingine. Amani yetu ilikuwa inakula vizuri. Nilimjibu Festo kwa maneno ya namna hiyo, nikijiona nina akili.

Hakukasirika. Aliegemea ukuta. "Sawa, weye uko na mudomo. Sasa sikia. Siku ya karamu mutu akisikia tumbo, hata kama ni muhogo mubichi alikula kwake, vijana wa kartie watakwenda kuchoma chumba ya yule mama. Na yeye ndani. Weye utazima?"

Sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Nilikuwa nimemchukua Festo kuwa mtu mwoga, na alikuwa mwoga kweli, lakini aliogopa jambo lililostahili kuogopwa. Upande wa pili kulikuwa na jambo lingine alilolijua kila mtu: mwenye nyumba wa Mama Vumilia alikuwa amesema wazi kwamba kanisa likimkataa, naye atatoa vitu vyake nje. Kumwondoa darasani ilikuwa kumtoa Mbunya, na barabara ya kurudi Aveba haikuwa barabara ya mwanamke na mzigo wake.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa anafua nguo za watu wasioweza kunywa maji yake. Nilimwambia kuna njia ya katikati: aje karamuni, akae, alete maji ya kunawa tu.

"Hapana, Mwalimu. Nitapika."

"Hawatakula, mama."

"Najua. Nitapika."

"Kwa nini ujitafutie haya?"

Akakamua shati, akalipiga hewani. "Ulitufundisha ni karamu. Haukusema wengine walete chakula na Vumilia alete maji. Kama iko vile, sema, nikamate kitabu nione pale imeandikwa." Kisha akasema, "Sufuria yangu iko kidogo. Nipatie ile ya kanisa."

Nikampa. Sijui mpaka leo kama ilikuwa imani au ni kwamba sikupata la kujibu. Mara nyingi katika kazi hii mambo hayo mawili yamefanana sana. Jumapili nikawatangazia darasa kwamba safari hii tutakula kama wakati wa Zakaria: hakuna kibakuli cha mtu, hakuna kula chako. Festo alinitazama kutoka nyuma kama anayetazama mtu akivuka mto uliojaa.

Jumamosi ile walifika wote, na vyakula vyao. Bosco alileta ndizi mbivu na maganda yake. Aliyemfuata alileta mayai ya kuchemsha, hayajamenywa. Mwingine mayai. Mwingine karanga katika maganda, mwingine mayai tena. Sijapata kuona darasa linalopenda mayai kiasi hicho. Walikuwa wametafuta, bila kuambiana, kila chakula ambacho Mungu mwenyewe alikifunika. Mama Imani peke yake alileta chakula kilicho wazi, maharagi yenye mawese. Bugali ilitoka kwa mke wa pasta. Mwishoni akaingia Mama Vumilia, sufuria ya Zakaria kichwani, imejaa sombe yenye ndakala, dagaa wakavu.

Kila mmoja akaonja chake. Waliomenya yai waliuma kidogo na kuinua kichwa, kama kuku anayekunywa maji. Ikafika kwa Mama Vumilia. Akakata tonge kubwa la bugali, akachovya katikati ya sufuria, si pembeni, akala. Akameza. Akafunua mdomo tuone, kama mgonjwa mbele ya muganga.

Hakuna aliyesogea.

"Anaweza kuwa alikunywa dawa yake mbele," Bosco akamnong'oneza jirani, kwa sauti ambayo hata jante isingeishinda.

Hapo nikaona desturi yetu imekufa. Asipoonja, ni kwamba anaogopa sumu yake. Akionja, ni kwamba amejikinga. Hakukuwa na namna yoyote ambayo yule mama angeweza kula ili aaminiwe. Pasta naye aliona, akasimama kuombea chakula. Aliwaombea wapishi, walimaji, mvua, madereva wa barabara ya Kasenyi na serikali ya mkoa, na tulipofungua macho sombe ilikuwa bado palepale, na mafuta yameanza kuganda. Simcheki. Alikuwa na watoto wadogo nyumbani, na mimi pia nilifumba macho wakati wa sala ile kwa moyo wote, nikitamani iendelee.

Mama Imani akasimama. Benchi lililia, na watu wote wakageuka. Akachukua sahani, akapita katikati ya duara mpaka kwenye sufuria, akasimama mbele ya Mama Vumilia. Nilifikiri atamtemea mate. Nadhani hata Mama Vumilia alifikiri hivyo, maana alifumba macho.

"Nipakulie."

Mama Vumilia akafumbua macho tu.

"Nimesema nipakulie. Kama iko sumu, nitafika kwa bwana yangu nimuulize mwenyewe nani alimuua, nimechoka kusikia ya watu. Kama haiko, nimeshiba. Pande zote napata."

Akapakuliwa. Akarudi kukaa, akala. Hakula kwa kuonjaonja. Alikula kama mtu aliyetoka shamba.

"Mama, ngoja basi kidogo," Bosco akasema, "siye tuone kwanza."

"Ngoja weye. Mukingoja nitamaliza."

Wa pili alikuwa Festo, yule aliyetaka Mama Vumilia angoje mwaka kesho. Akasukuma sahani yake mbele. "Leta. Kwa umuri yangu, hata bila sumu siko mbali." Nami nilikula wa tatu. Naandika wa tatu kwa sababu nimesikia watu wakisema katekista ndiye aliyetangulia, na katika habari hii ningependa iwe hivyo, ila haikuwa. Baada yangu walikuja watano au sita. Wengine hawakula, sitawataja, walikuwa na sababu zao na mayai yao. Bosco alikula mwisho, akalalamika kwamba ndakala zimekwisha, kisha akaniinamia huku anatafuna.

"Mwalimu, nimeona bariere. Ilikuwa siye. Tulifunga kamba pale mbele ya sufuria, na maaskari njo siye."

Nilimwambia ale. Sentensi nzuri zinapoza sombe. Lakini nimeibeba ile sentensi miaka yote, na mara mbili nimeihubiri kama yangu.

Kesho yake Bosco akaumwa tumbo.

Habari ilinifikia nikigonga jante ya ibada, na nikaendelea kuigonga, kwa sababu mikono haikujua la kufanya. Vijana walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya nyumba ya akina Bosco, na mmoja alikuwa na kidumu, na si cha maji. Nilipofika, nilimkuta Festo amenitangulia, na koti lake la ibada, amesimama mlangoni na kumshika Bosco bega. Bosco alikuwa amejikunja kama mkeka.

"Jibu kwa nguvu, wote wasikie," Festo alikuwa anasema. "Jana baada ya watu kuondoka, ulikula nini?"

"Mayai, Muzee."

"Mayai ya nani?"

"Ya... ya wale hawakumaliza."

"Yote?"

Bosco akatazama chini. "Nilibakisha moja."

Festo akawageukia vijana. "Mumesikia. Amekula mayai ya darasa muzima. Kama kuna sumu, iko ya kuku. Mukatafute kuku."

Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na yule mwenye kidumu akakihamishia nyuma ya mguu wake kama aliyekuta kidumu kimemfuata chenyewe. Watu wakicheka hawachomi nyumba. Sikulisoma hilo katika kitabu chochote wala kulisikia katika semina, na nawapa kama nilivyolipata. Bosco alipona kwa njia ya kawaida, na majirani walijua.

Juma lote lile watu walipita kwa Mama Imani sokoni kumsalimu. Walitaka kujua kama yu hai. "Sijapata kupendwa hivi," aliniambia, akipima maharagi. "Kila saa mutu anauliza nimelala namna gani. Bwana yangu alipokufa hawakuuliza." Nikamwuliza, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali, kwa nini alikula. Akanitazama kama nilivyokuwa nikitazama watu waliokosa jibu la herufi nene.

"Nilikuwa na njaa, Mwalimu."

Sikupata lingine, siku ile wala baadaye.

Jumapili iliyofuata Mama Vumilia alibatizwa pamoja na wenzake katika maji ya mto Shari. Mbele ya wazee aliulizwa Ufalme wa Mungu ni nini, akajibu neno kwa neno kama kitabu, bila kosa, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bosco alisahau nusu, akapita pia. Mwenye nyumba hakutoa vitu nje. Buyi ilirudi mlangoni polepole, kwanza watoto, kisha wapita njia, kisha mke wa pasta. Alitoa kila kikombe kwa kuonja kwanza. Aliwaonjea hata watoto. Miaka ilipita, tulisahau maneno ya kartie, lakini mkono wake haukusahau: kijiko mdomoni kwake, ndipo kikombe kwako.

Mtaniuliza kama alimuua yule seremala. Watu bado wananiuliza, kwa sauti ya chini, kama katekista anapewa majibu ya siri. Sijui. Naamini hospitali. Lakini sikuwemo ndani ya buyi ile, na sitawaandikia nisichokiona. Nilichokiona ni sahani ya Mama Imani, na yeye pia hakuwa na uhakika.

Sasa kustaafu kwangu. Kanisa lilinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hangojewi tena mahali popote. Pasta alisema maneno mengi mazuri juu yangu, mengine ya kweli. Festo alikuwepo, anatembea kwa fimbo, bado hajafika kule alikosema hayuko mbali. Na aliyepika alikuwa Mama Vumilia, sombe na ndakala, katika sufuria ileile yenye kiraka.

Alipofunua, alikamata kijiko kama siku zote, akachota, akakiinua. Mama Imani alikuwa karibu yake anapanga sahani.

"Weka ile kijiko chini."

Mama Vumilia akasimama, kijiko hewani.

"Nani alikuambia uonje? Kila siku kuonja, kuonja. Sombe itaisha mu kijiko. Pakulia watu, weye."

Mama Vumilia alikitazama kijiko muda mrefu kuliko kijiko kinavyostahili. Kisha akakirudisha ndani ya sufuria bila kukionja, akaanza kupakua. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa Mama Imani. Sina hakika kama wengine waliona. Mimi nilitafuta leso.

Esta, binti anayechukua nafasi yangu, alikuja kuketi karibu nami. Amesoma kuliko mimi, na ana bidii. Mpeni heshima yake. Kesho yake alikuwa na darasa lake la kwanza, na alikuwa na woga, kama nilivyokuwa siku ya theluji.

"Mwalimu," akasema, "ile swali ya katikati. Ufalme wa Mungu. Weye kwa ufupi unawajibu nini?"

Nilimwinulia mkono angoje. Nilikuwa na chakula mdomoni.